Ni Nani Anayemtunza Mgonjwa Wako?

Kwa wale wanaousoma ukurasa huu huku wana mgonjwa chumba cha pili, tunawapa pole nyingi. Mazungumzo ya mwezi huu ni yenu hasa.

Kina mama wengi tunaokutana nao huku Karagwe na Kyerwa, iwe kliniki au kwenye mikutano ya wanawake kanisani, hutuuliza swali moja kwa namna mbalimbali. Mmoja atasema, "Mume wangu ameruhusiwa hospitali, lakini bado hawezi kusimama. Sasa nani atanisaidia?" Mwingine haulizi. Yeye humpokea kila anayebisha hodi. Leo amekuja mhudumu wa kitongoji, kesho mwenye duka la dawa na sindano yake, keshokutwa mganga wa mitishamba. Mwisho wa mwezi pesa ya kahawa imekwisha, mgonjwa yuko pale pale, na hakuna anayejua nani alifanya nini.

Ndiyo maana tumeona vema tuzungumzie aina za watu wanaotoa huduma kwa mgonjwa nyumbani: kila mmoja ni nani, kazi yake ni ipi, na mwisho wa kazi yake ni wapi.

KOSA LETU WENYEWE

Si vizuri kumfundisha jirani kufagia wakati uwanja wako mchafu. Basi tuanze na la nyumbani kwetu.

Miaka michache iliyopita mama yetu mzazi alipooza upande wa kulia. Alilazwa majuma matatu, kisha akaruhusiwa. Nyumbani alikuwepo wifi yetu, mke wa kaka, mwenye watoto wanne, shamba la migomba na kahawa. Sisi wenye ujuzi wa uuguzi tulikuwa tukifika kila Jumapili baada ya ibada, tukiwa na sabuni na kilo mbili za sukari, na kazi yetu ilikuwa kukagua. Mbona shuka limelowa? Mbona mama hajageuzwa? Wifi alikuwa akijibu, "Nitafanya, dada." Hakubisha hata siku moja.

Mwezi wa tano tulikuta kidonda kiunoni pa mama, ukubwa wa kiganja cha mtoto. Tulikasirika, tukatamka maneno ambayo hatupendi kuyarudia hapa. Ndipo binti mkubwa wa wifi, aliyekuwa darasa la sita, alipotwambia kwa sauti ndogo, "Shangazi, mama hajalala tangu juzi. Usiku bibi anaita, mchana tunachuma kahawa. Na mimi siku za gulio siendi shule, nabaki na bibi."

Tulinyamaza. Tulikuwa tumefundisha wanawake wa vijiji vingi namna ya kumgeuza mgonjwa, lakini ujuzi huo haukuingia katika nyumba tuliyozaliwa. Mwanamke mmoja alikuwa amefanywa muuguzi, mpishi, mkulima na mama kwa wakati mmoja, na sisi wengine wote tulikuwa wakaguzi wake. Tangu siku ile, tukifika nyumba yenye mgonjwa, swali la pili baada ya "Mgonjwa anaendeleaje?" ni hili: "Na anayemtunza, anaendeleaje?"

MKOA WETU UNAIJUA KAZI HII

Kumtunza mgonjwa nyumbani si jambo geni kwa watu wa Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania waliripotiwa katika mkoa wetu mwaka 1983. Miaka ile hapakuwa na dawa ya kufubaza virusi, na vitanda vya hospitali havikutosha. Wagonjwa walirudishwa nyumbani, nao walioshwa, wakalishwa na kugeuzwa na mama zao, wake zao na dada zao. Bibi wengi walizika watoto wao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu.

Kutokana na mateso hayo watu walijifunza kushirikiana. Kule Uganda lilianzishwa shirika la TASO mwaka 1987. Hapa kwetu WAMATA ilianza mwaka 1989, na huduma za kuwatembelea wagonjwa majumbani zikasambaa makanisani na hospitalini. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, wengi waliokuwa wa kubebwa waliinuka wakarudi shambani.

Siku hizi wagonjwa wa kitandani tunaowakuta ni wa namna nyingine: waliopooza kwa shinikizo la damu, wenye kisukari waliokatwa mguu, wenye saratani, wazee waliovunjika nyonga. Maradhi yamebadilika, lakini anayeamka usiku ni yule yule.

AINA ZA WATOA HUDUMA

1. Mtu wa nyumbani. Huyu ndiye nguzo. Aghalabu ni mke, binti au mkamwana. Kazi yake ni usafi wa mgonjwa, chakula, kumgeuza, kumpa dawa kwa saa zake, na kumwona anapobadilika. Hakusomea, lakini anafundishika. Kabla ya kuondoka hospitali, mwombe muuguzi akuonyeshe kwa vitendo, nawe ufanye mbele yake. Usiridhike na maelezo ya mdomo tu.

Mambo machache ayajue kwa moyo. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Kila siku atazamwe kisogo, mabega, kiuno, nyonga na visigino. Ngozi ikibadilika rangi au ikiwa ngumu na ya moto, hapo kidonda kimeanza, asilalie tena upande huo. Anapolishwa aketishwe wima, apewe kidogo kidogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula, kwa maana aliyepooza hupaliwa kwa urahisi na chakula kikaingia mapafuni. Na dawa ya shinikizo la damu haiachwi kwa sababu mgonjwa amejisikia nafuu.

Kama mgonjwa ana kifua kikuu, mtu wa nyumbani anaweza kuteuliwa kuwa msimamizi wa dawa, naye humwona akimeza kila siku. Matibabu ya kawaida ni miezi 6. Kazi hii apewe mtu mzima anayeaminika, asipewe mtoto.

2. Jirani, ndugu na kikundi. Karibu kila kijiji chetu kina kikundi cha kusaidiana na kuzikana, na makanisani tuna WAWATA, Umoja wa Wanawake, jumuiya na vikundi vya sala. Watu hawa wana nguvu ambayo hospitali haina, maana wako karibu na ni wengi. Wanaweza kuteka maji, kupalilia shamba, kufua, kukaa na mgonjwa ili mtunzaji akalale, na kutoa watu wa kubeba machela pale bodaboda haifiki.

Lakini tuseme ukweli, wapendwa. Mara nyingi tunafika kumi kwa pamoja, tunaimba, tunasali, tunakunywa chai iliyopikwa na yule yule aliyechoka, tunaondoka. Tungefanya vema zaidi tukienda wawili wawili kwa zamu, mmoja asali na mgonjwa, mwingine ashike jembe au beseni. Sala haipungui thamani kwa sababu aliyeomba ameosha vyombo. Wala mtu wa kanisa, awe na cheo gani, asimwambie mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameombewa.

3. Mhudumu wa afya wa kitongoji. Huyu huitwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wahudumu wa kujitolea tumekuwa nao miaka mingi. Tarehe 31 Januari 2024 ulizinduliwa kule Dodoma mpango wa kitaifa uliolenga kuwafundisha na kuwapa kazi wahudumu 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, mwanamke na mwanamume, baada ya mafunzo ya miezi 6. Muulize mwenyekiti wa kitongoji chako kama wenu wapo na ni akina nani.

Mhudumu huyu hupita nyumba kwa nyumba. Humtazama mama mjamzito, mama aliyejifungua, mtoto mchanga na mgonjwa wa muda mrefu. Hutoa elimu, hutambua dalili za hatari, huandika rufaa, na hufuatilia kama dawa zinamezwa. Si daktari. Usimlazimishe kutundika dripu, na akikwambia "mpeleke zahanati," usidhani amekukwepa. Hapo ndipo anaifanya kazi yake.

4. Muuguzi na wenzake wa kituo cha afya. Muuguzi mwenye leseni ndiye mwenye ruhusa ya kuchoma sindano, kuweka mpira wa mkojo, na kusafisha kidonda kilichoingia ndani. Hospitali zetu, kama Nyakahanga na Nyakaiga kwa Karagwe, au Isingiro kwa Kyerwa, zina watu waliosomea mambo haya. Siku ya kuruhusiwa uliza maswali matatu: Tarudi lini? Kidonda kitasafishwa wapi? Nikikwama, nimpigie nani? Majibu yaandikwe kwenye karatasi.

Iko pia huduma iitwayo tiba shufaa, nayo ni kwa mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, hasa saratani. Lengo lake ni kuondoa maumivu na kuitunza heshima ya mgonjwa hadi mwisho. Ng'ambo ya mpaka, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 1998 huduma hiyo ikafika Mbarara, mji usio mbali na mpaka wetu wa Murongo. Hapa nchini Taasisi ya Saratani Ocean Road na baadhi ya hospitali za makanisa zimeifanya kazi hii kwa miaka mingi. Dawa kuu ya maumivu makali ni mofini ya maji, inayotolewa kwa cheti cha daktari. Mama, usikubali kuambiwa kwamba saratani lazima iume hadi mtu afe akipiga kelele. Omba tiba ya maumivu, na kama haipo hapo uliza inapatikana hospitali gani.

5. Mtu wa kulipwa. Siku hizi familia nyingi, hasa zenye watoto walioajiriwa mijini, humwajiri binti au kijana akae na mzee. Hilo si baya. Ubaya ni kumchukua mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na yule wa miaka 14 hadi 17 asipewe kazi ya kumdhuru au ya kumkosesha shule. Kumwinua mtu mzima aliyepooza, kuamka usiku kucha na kufua shuka zenye damu si kazi nyepesi.

Ukimwajiri mtu mzima, patana naye kabla: mshahara kiasi gani, atalala saa ngapi, atapumzika siku gani, nani atamshika zamu. Mfundishe, mpe mipira ya mikono na sabuni, na mlipe kwa wakati. Mzee naye alindwe. Mtu mgeni asiachiwe kadi ya benki wala simu yenye pesa, na familia ipite bila kuaga mara kwa mara.

6. Mwenye duka la dawa, mganga wa asili na "daktari" wa mkoba. Duka la dawa lenye kibali linauza dawa zilizoruhusiwa. Halina ruhusa ya kulaza wala kutundika dripu majumbani. Waganga wa tiba asili wanatambuliwa na sheria ya mwaka 2002, na wanatakiwa wawe wamesajiliwa. Ukitumia mitishamba, mweleze daktari, maana zipo dawa zisizopatana. Yeyote anayekwambia uache dawa za hospitali kwanza, mwogope.

Huyu wa mkoba, anayepita na sindano bila mtu kujua alisomea wapi, mfungie mlango kwa upole. Tumepokea wagonjwa wenye majipu makubwa matakoni na mikono iliyovimba kwa sababu ya sindano zake. Kila mara familia husema, "Alikuwa karibu, na bei yake nafuu." Nafuu hiyo hulipiwa baadaye.

PALE AMBAPO NYUMBANI SI MAHALI PAKE

Upo ugonjwa usiotunzwa nyumbani kabisa. Mkoa wetu ulipata mlipuko wa virusi vya Marburg mwaka 2023 huko Bukoba vijijini, na tena mwanzoni mwa mwaka 2025 huko Biharamulo. Ugonjwa huu hupita kwa kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti, na wanaoupata upesi ni wale wanaomwosha na kumlisha, maana yake sisi kina mama na wauguzi. Ikitangazwa hatari ya namna hiyo, mtu mwenye homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha au kutokwa damu asiguswe mikono mitupu. Toeni taarifa zahanati au kwa kiongozi wa kijiji mara moja. Kumwacha aende kwa wataalamu si kukosa upendo.

Hata kwa mgonjwa wa kawaida, mtunzaji asiguse damu au choo bila mipira ya mikono, na kama haipo avae mifuko safi ya nailoni isiyotoboka. Anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mahali palipomwagika damu pasafishwe kwa dawa ya klorini: ile ya dukani yenye nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji.

Mpeleke mgonjwa haraka kituoni akishindwa kupumua vizuri, akichanganyikiwa au asiamke, akipata degedege, akishindwa kumeza, akikosa mkojo siku nzima, au kidonda kikitoa harufu na homa ikapanda.

KAENI CHINI MGAWANE

Tunawaomba mfanye jambo moja. Jioni ya leo au ya kesho, ikeni familia nzima, wanaume wakiwemo, mwandike kwenye karatasi ya daftari: Nani anamgeuza usiku? Nani analipa nauli ya kliniki? Nani anatunza vyeti na dawa? Mtunzaji anapumzika siku gani, na siku hiyo anakaa nani? Nani wa kupigiwa simu usiku? Karatasi ibandikwe ukutani. Mtajaona mara moja kama jina moja limeandikwa mara tano.

Mkumbuke yule Msamaria mwema. Alimfunga majeruhi vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamlipa mwenye nyumba amtunze, akaahidi kupita tena. Hakufanya yote peke yake, wala hakumtupia mwingine akatoweka. Alifanya sehemu yake, akagharamia sehemu ya mwenzake, akaahidi kurudi. Mara nyingi tunahubiri habari za Msamaria, tunamsahau yule mwenye nyumba ya wageni aliyebaki na mgonjwa usiku.

Kwetu tulikaa Jumapili ile ile. Kaka alipewa zamu ya usiku wa manane, naye kwa mara ya kwanza akajifunza kumgeuza mama yake. Sisi tulichukua Ijumaa na Jumamosi usiku, wifi akalala. Kikundi cha wanawake kilimaliza kuchuma kahawa yake kwa siku mbili. Binti alirudi shule. Kidonda kilichukua miezi minne, lakini kilifunga, na mama aliishi mwaka mmoja na nusu zaidi.

Siku ya kumaliza matanga msemaji wa ukoo alisimama kushukuru. Aliwataja madaktari, wachungaji, majirani, na sisi "mabinti wauguzi". Wifi alikuwa nyuma ya nyumba akiosha sufuria. Tuliomba ruhusa ya kusema, tukamwita mbele ya watu, tukamshukuru kwa jina lake, na tukamwomba radhi kwa yale maneno ya siku ya kidonda. Alifuta mikono kwenye kanga, akasema, "Yalikwisha, dada." Kisha akarudi kwenye sufuria zake, nasi tukamfuata tukaosha naye.

Mungu awape nguvu ninyi nyote mnaoamka usiku.